Usishuke Garini

Miaka kumi na tisa nimekabidhi magari kwa wageni pale Windhoek, na sijawahi kumpata mgeni aliyenisikiliza mpaka mwisho. Wanashuka kwenye ndege asubuhi macho mekundu, wanaletwa kwenye yadi yetu, nami naanza: hapa ndipo hema linapofungukia juu ya paa, hapa jiko la gesi, spea mbili hizi, jeki hii. Kwenye changarawe punguza upepo wa matairi, na usizidi themanini. Jua likizama, uwe umeshaegesha. Wanaitikia tu. Mume anapiga picha gari, mke anatafuta kofia kwenye mkoba. Nikifika kifungu cha kumi na nne ndipo ninapowashika mkono kabisa ili wanitazame. Ndani ya hifadhi, usishuke garini. Hata ukiangusha simu. Hata ukiona hakuna kitu. Simba kazi yake ni kutoonekana.

Ili kiwaingie, huwa nawasimulia habari za Mholanzi aliyeshuka kukojoa akabaki viatu. Mholanzi huyo hayupo. Nilimtunga mwenyewe mwaka wangu wa tatu kazini, na sasa hivi kampuni zote za mjini zinamsimulia, kila moja na viatu vyake. Nimewahi kumsikia msichana wa kampuni ya jirani akilia machozi ya kweli kwa ajili yake.

Sasa sikilizeni habari yangu mwenyewe, maana kule Outjo, mji wa kwetu, inasimuliwa, lakini inasimuliwa vibaya.

Mama yangu, Lisbet, alizaliwa ndani ya hifadhi ya Etosha, kwenye chemchemi moja katikati ya vichaka. Enzi hizo watu wetu Wahaiom walikuwa wakiishi mle mle pamoja na wanyama, na hakuna aliyekuwa akimshangaa mwenzake. Alipotimiza miaka minane, serikali ya makaburu ikawaambia watoke, hifadhi ni ya wanyama. Malori yakaja. Wakasambazwa kwenye mashamba ya wazungu, na mama akazeekea kwenye majiko ya watu, kilomita mia moja tu kutoka alikozaliwa. Hakurudi hata siku moja. Kuingia mle kunataka gari, na kwetu gari lilikuwa la kupitia barabarani na kukuachia vumbi.

Kwetu mtu aliyekaa mbali na chemchemi yake akirudi, hujitaja. Anavua viatu, anaingia majini, anataja jina lake, la baba yake na la babu yake, kisha anajipaka tope la pale kifuani. Asipojitaja, wazee waliolala pale hawamjui. Na akifa bila kujitaja, mama aliamini, hana pa kwenda kuwakuta. Unabaki unazungukazunguka, alisema, kama mtu aliyefika harusini bila kualikwa.

Basi mwaka ule daktari akamwambia moyo wake umechoka. Mama akanipigia simu.

"Dortea, unashika funguo ngapi kwa siku?"

"Kumi. Kipindi cha wageni, hata thelathini."

"Na mimi mama yako sijakaa kwenye hata gari moja kati ya hayo. Nataka nikajitaje. Sitaki kingine, hata blanketi usiniletee."

Bwana Riedel, mwenye kampuni, ana utaratibu wake: mfanyakazi aliyefikisha miaka kumi na mitano anaruhusiwa kuchukua gari siku nne, mwezi wa pili, wageni wakiwa wachache na magari mengi yamekaa tu yananyeshewa. Mimi zamu yangu ilikuwa imepita miaka minne bila kuidai, ningeenda wapi. Nikaidai.

Akakubali, ila lazima nikabidhiwe kama mgeni mwingine yeyote. Akamwita Tangeni, kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe, anikabidhi. Yadi nzima ikaacha kuosha magari ikaja kutazama.

"Karibu Namibia, meme," Tangeni akaanza. Meme ndiyo namna ya Waovambo ya kumwita mama mwenye heshima zake. "Safari ilikuwaje? Huko Ulaya baridi bado?"

"Endelea, usinichezee."

"Hili ni gurudumu. Ni la mviringo."

Wakacheka mpaka Bwana Riedel akatoka ofisini. Tangeni akasoma vyote, akafika kumi na nne, akanishika mkono kama ninavyofanya mimi, akanitolea Mholanzi. Mholanzi wa kwake alikuwa ameshaoa na ana watoto watatu. Nikatia sahihi. Bwana Riedel akasema, kwa upole tu, "Dortea, wewe najua hunitii aibu. Sitaki mambo ya Ismael."

Ismael alikuwa mwenzetu. Alitumwa kupeleka gari kwa wageni walioharibikiwa hifadhini, njiani akashuka dakika moja ajipige picha akiwa na twiga. Mtalii mmoja akamwona, naye akapiga picha, jina la kampuni mlangoni linasomeka vizuri, akaituma. Kabla Ismael hajarudi Windhoek alikuwa hana kazi. Sasa anauza simu za mkononi mitaani, ukimtaja twiga anavuka barabara.

Nilifika Outjo Alhamisi jioni, na habari ilikuwa imenitangulia. Nyumba ya mama mdogo Fransina ilijaa mpaka uani. Kila mtu alikuwa na sababu ya kupanda lile gari. Mmoja anaumwa mgongo, viti vyake vitamfaa. Mwingine aliwahi kumwona simba mwaka wa sabini na sita, atatuelekeza. Watoto walishapanda mahema yote mawili na kuyafanya nyumba. Mimi ninapenda mkusanyiko, Mungu anajua, lakini nafasi zilikuwa nne. Tukachaguana kwa kelele: mimi dereva, binamu yangu Gerson mbele, nyuma mama na mdogo wake Fransina.

"Gerson anakwenda kufanya nini?" jirani akauliza.

"Kubadilisha tairi," Gerson akajibu. "Na simba akija, mimi ndiye mnene, mtapata muda wa kuondoka."

Ijumaa asubuhi tukapita lango. Mama alivaa gauni la kazi, lile la jikoni. Fransina akamsema njia nzima.

"Dada, unakwenda kwenu na gauni la vitunguu?"

"Jipya lipo kwenye mfuko. La kuendea kwenu halivaliwi njiani likaingia vumbi."

Mvua zilikuwa zimenyesha, majani yamefika magotini mwa pundamilia. Kila tulipopita mama alikuwa na jina lake la mahali, si yale ya vibao. Hapa baba alivunjika mguu. Hapa tulikula asali mpaka tukaharisha. Pale, kwenye mti ule uliolala, bibi alimkimbiza mke mwenzake na mchi. Fransina, aliyezaliwa shambani baada ya malori, alikuwa akisikia mengi kwa mara ya kwanza, na alikasirika.

"Miaka yote hii hukunisimulia hata moja."

"Ningekusimulia huku nikikuonyesha nini? Zizi la kaburu?"

Tukalala kambini, mama na Fransina kwenye hema la juu la kushoto. Kumpandisha mama ngazi ile ilikuwa kazi. Gerson alimsukuma kwa bega, akisema shangazi, nisamehe nilipokushika, huku Fransina akivuta kutoka juu. Wageni wa jirani walitupigia makofi. Sijawahi kumwona mama akicheka vile. Alicheka akiwa amening'inia, akasema, "Wazungu wanalipia taabu hii?"

Jumamosi saa tatu asubuhi, tukiwa tumebakiza mwendo mfupi kufika kwenye chemchemi, tulisimama kwenye choo cha njiani. Ni mahali palipozungushiwa uzio, pana lango la kuburuta, na nje ya kambi ndipo pekee unaporuhusiwa kutia mguu chini. Mama akaingia na mfuko wake. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alikuwa na gauni la bluu lililopigwa pasi, kitambaa kipya kichwani, na miguu mitupu. Viatu alikuwa amevibeba mkononi.

"Sasa niko tayari," akasema.

Sijui nilikuwa nikifikiri nini siku zote hizo. Naapa sikuwa nimepanga. Nilijua anakwenda kujitaja, nilijua kujitaja ni kuingia majini, na nilijua kifungu cha kumi na nne. Lakini vitu hivyo vitatu vilikuwa vimekaa kichwani mwangu kila kimoja chumba chake, havijawahi kuonana. Nilipoona ile miguu yake mitupu, ndipo vikaonana.

Ningeweza kusema nao pale pale. Mama, haiwezekani. Au ningesema, mama, nitakushusha, liwalo na liwe. Yote mawili yangekuwa maneno ya mtu mkweli. Mimi nikamfungulia mlango, nikamshika kiwiko, nikampandisha kwa heshima zote, nikamtandikia shali miguuni. Na kabla sijaufunga ule mlango, kidole changu kikaenda chenyewe pembeni mwake, kikashusha kile kiswichi kidogo kinachomzuia mtoto kufungua kwa ndani. Nikazunguka upande wa Fransina, nikashusha na cha kwake. Ni sekunde mbili. Nimevishusha viswichi hivyo maelfu ya mara mbele ya wazungu wenye watoto watundu.

Chemchemi ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani. Maji ya kijani, mawe meupe, tope lenye nyayo za kila aina. Swala wawili na njiwa. Na upande wa pili limesimama gari jeupe lenye jina letu mlangoni. Ndani yake mume na mke niliowakabidhi Jumanne. Walinitambua. Mwanamke akapunga mkono, halafu kwa utani akanionyesha kidole, akikitikisa hivi: usishuke, kama nilivyomfundisha. Mumewe alikuwa ameshikilia kamera ndefu kama mkono wangu.

Nikazima injini. Mama alikuwa akitazama maji, na midomo inacheza, anayapanga majina. Kisha akaweka mkono kwenye mshikio wa mlango, akavuta.

Akavuta tena.

"Fransina, wa kwako."

Fransina akavuta wake. "Umekwama, dada."

"Dortea, milango imekwama."

Nikasema, bila kugeuka, "Haijakwama, mama. Huku hairuhusiwi kushuka."

Mama akauachia mshikio. Njiwa tu ndio walikuwa wakisema.

"Nani hairuhusu?"

"Sheria ya hifadhi. Na kazini. Majani yamerefuka, mama, simba anaweza kuwa hapo hapo na usimwone."

"Nimezaliwa hapo," mama akasema. Hakupandisha sauti. Alikuwa kama mtu anayemwelekeza dereva. "Pale kwenye jiwe lililopasuka. Nimelala hapo miaka minane bila mlango."

Gerson akanitazama. Yeye mlango wake ulikuwa unafunguka, angeshuka na kumfungulia kwa nje, jambo la hatua tatu. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye mshikio.

"Gerson," nikamwambia, "ukifungua mlango ule, Jumatatu mimi sina kazi. Wale pale ni wageni wangu. Wana kamera."

"Dakika mbili tu, Dortea. Mimi nitasimama mbele yake. Nitapiga hata kelele."

"Ismael alisema dakika moja."

Gerson ana watoto watano, na wawili wanalala kwangu Windhoek kwa ajili ya shule. Hakuna aliyelisema hilo. Akautoa mkono wake, akauweka mapajani, na mpaka tunafika nyumbani hakufanya utani tena.

"Mama," nikasema, "nakushushia dirisha. Jitaje hapo dirishani. Maji yako karibu, watakusikia."

Nikashusha kioo. Harufu ya tope ikaingia, na upepo wa baridi kidogo. Mama akalitazama lile dirisha kwa muda. Akasema, "Mimi si mtalii."

Nikasubiri. Labda angebadili mawazo. Dakika tano, kumi. Yule mume upande wa pili aliinua kamera akatupiga picha, nadhani kwa sababu ya gauni la bluu. Hakuna simba aliyetokea. Hakuna kitu kilichotikisa majani. Swala walikunywa wakaondoka taratibu, kama watu wanaotoka kanisani, na mahali pale pakabaki patupu kabisa, mtoto wa miaka minane angeweza kukimbia mpaka kwenye jiwe na kurudi.

"Pandisha kioo," mama akasema. "Vumbi litaingia kwenye gauni."

Fransina alilia njia yote mpaka langoni. Mama alikuwa akimpangusa.

Tulifika Outjo jua likizama, na nyumba ilijaa kuliko siku ya kuondoka. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Kulikuwa na fetkuk, yale maandazi ya mafuta, zilizojazwa nyama ya kusaga, na bia, na wazee wawili niliodhani wamekufa zamani. Wakampokea mama kama bibi harusi, wakamkalisha kwenye kiti kizuri. Mtu akauliza, "Haya Lisbet, ulijitaja?"

Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Nikaona Gerson anatoka nje.

"Nilijitaja," mama akasema.

Akawasimulia. Alisimulia jinsi alivyovua viatu, na maji yalivyokuwa ya baridi juu na ya uvuguvugu chini kwenye tope. Alivyotaja jina lake mara tatu, la baba yake, la babu yake, na la bibi yake aliyemkimbiza mke mwenza na mchi, wakacheka. Alivyopaka tope kifuani likakauka kwa jua, likamwasha. Alisimulia kila kidole cha mguu. Mzee mmoja akaanza kulia, akafuatia mwingine. Mama hakunitazama hata mara moja. Alipomaliza akasema, "Dortea alituendesha vizuri sana. Hatukupata hata pancha."

Wakanijia. Wakanishika mikono, wakanibusu, wakasema mama yako atakufa kwa amani, mtoto wa kuzaa ni wewe. Mwanamke mmoja akaniomba mwakani nimpeleke na wa kwake. Nikasema tutaona.

Usiku ule nilimfuata jikoni. Alikuwa ameshavaa gauni la kazi, anaosha vyombo, maana mama hakuwahi kujifunza kukaa kama mgeni.

"Kwa nini hukuwaambia ukweli?"

"Ukweli upi? Kwamba nilifika kwetu, mwanangu akanifungia?" Akasuuza kikombe, akakipindua. "Watu wamekuja kula na kufurahi. Waache wale."

"Nitaomba gari tena mwakani, mama. Tutakwenda mimi na wewe tu, alfajiri, kabla wageni hawajaamka. Nitakushusha."

"Nilikuona ukikigusa," akasema. "Kile kidude cha mlangoni. Pale chooni. Nikajiambia, mwanangu anakaza mlango vizuri mama yake asianguke. Nikafurahi, Dortea. Nilikaa pale nyuma nimefurahi." Akanipa kitambaa cha kukaushia. "Usiombe gari."

Jumatatu Bwana Riedel alilizunguka lile Hilux mara mbili, akainama akatazama chini yake. Hakuna mkwaruzo. Akafungua kompyuta inayomwonyesha mwendo wa kila gari, akasema sikuwahi kuzidi themanini hata mara moja. Akawaita vijana wote wa yadi waje waone inavyotakiwa. Tangeni akapiga makofi, wenzake wakafuata.

Mama alifariki mwezi wa nane, kwenye baridi. Kanisa la lokesheni, mtaa wetu wa watu weusi, lilijaa, wengine walisimama nje wakichungulia madirishani, na mchungaji, kijana aliyehamia juzi juzi tu kutoka Tsumeb, akahubiri juu ya maji. Akasema dada yetu Lisbet alikuwa na bahati ambayo wengi wa kizazi chake hawakuipata. Alirudi. Alisimama kwa miguu yake kwenye chemchemi alipozaliwa, akataja jina lake, na sasa hivi, ndugu zangu, kule alikokwenda wanamjua, wanamwita, wamemwekea nafasi ya kukaa. Na yote hayo, akasema, ni kwa mkono wa binti yake aliyeketi pale mbele.

Fransina, kando yangu, akainamisha kichwa. Gerson alikuwa mmoja wa wabeba jeneza, amesimama ukutani, anatazama viatu vyake.

Kanisa zima likasema amina. Walikuwa wananitazama, wakisubiri. Nikasema amina.